Jiko Banifu na Njia ya Moshi Wake

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za shule, mafundi waashi na wapishi wa Kata ya Gehandu, kabla ya kuanza kwa msimu wa baridi)

Ndugu Mwenyekiti, Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, walimu wakuu, mafundi, na ninyi mama zetu wapishi, ambao kwa haki ndio mliostahili kutajwa kwanza:

Nimeombwa nizungumze juu ya majiko banifu, nami natambua kwamba mmekwisha kusikia mengi kuhusu majiko hayo: kwamba yanapunguza kuni, yanawapumzisha akina mama safari za porini, yanaiponya misitu yetu ya Marang na Nou. Hayo ni kweli, na sitayarudia. Leo nitazungumzia kitu kimoja ambacho katika michango yetu hutajwa mwisho, hununuliwa mwisho, na fedha zikipungua huwa cha kwanza kufutwa kwenye orodha. Kitu hicho ni dohani, yaani lile bomba la kutolea moshi nje.

Niliseme mapema neno langu, msije mkalisubiri hadi mwisho. Kubana kuni ni kazi moja, na kutoa moshi nje ni kazi nyingine. Tena, kadiri jiko linavyozidi kubana joto, ndivyo moshi wake unavyotoka ukiwa umepoa, na moshi uliopoa ni mvivu wa kupanda. Kwa hiyo mwenye jiko bora zaidi anahitaji dohani bora zaidi. Wengi wetu tumefanya kinyume cha hayo, nami ni mmoja wao.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa kazini katika wilaya nyingine, niliitwa kukagua jiko jipya la shule moja ya bweni, ambayo jina lake halina haja ya kutajwa hapa. Jiko lilikuwa limejengwa kwa ustadi. Matofali yalikuwa ya kuchoma, sufuria mbili kubwa zilikuwa zimezama hadi mabegani katika matundu yake, na mlango wa kuni ulikuwa mdogo kama inavyotakiwa. Kuni zilizokuwa zikiteketea kwa siku moja sasa zilitosha kwa siku mbili. Mkuu wa shule alifurahi, nami nikafurahi pamoja naye. Bomba lilikuwa limechomoza juu ya bati kwa kiasi cha shubiri mbili, upande wa chini wa mteremko wa paa. Nikatazama juu, nikaliona lipo, nikatia saini.

Mwezi wa Saba nilipita tena pale kwa shughuli nyingine. Nje ya jikoni nilimkuta mpishi mmoja, mama wa makamo, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Nikamuuliza kama ana malaria. Akanijibu, "Bwana afya, ni malaria gani hii inayokuja saa nne na kuondoka saa kumi, na siku yangu ya mapumziko haiji?" Tukacheka wote wawili. Kisha mimi nikaacha kucheka.

Nilipoingia ndani sikuona moshi mwingi, na hilo ndilo lililokuwa limenidanganya mara ya kwanza. Lakini ukuta juu ya mlango wa kuni ulikuwa mweusi tii, alama kwamba moshi haukuwa ukienda kulikokusudiwa. Nikaomba ngazi, nikapanda. Mdomo wa bomba ulikuwa chini ya mgongo wa paa, na upepo uliovuka mgongo ule ulikuwa ukishuka kama maji yanavyoporomoka ukingoni, ukiusukuma moshi urudi ndani. Tuliongeza kipande cha bomba cha mita moja na nusu. Gharama yake haikufikia bei ya gunia moja la maharage. Kichwa cha saa nne hakikumrudia tena yule mama. Hata hivyo, alikuwa amekwisha kufanya kazi mle kwa miezi mitano, na saini iliyomweka mle ilikuwa yangu.

Ndugu zangu, mtauliza: mbona wazee wetu waliishi na moto ndani ya nyumba bila dohani? Ni swali la haki, na wazee waliopo hapa watanisahihisha nikikosea. Nyumba za zamani za nyanda hizi, zile za Wairaqw zilizochimbwa kwa sehemu ubavuni mwa kilima, na za nyasi zilizofuata baadaye, zilikuwa na moto katikati, watu upande huu na mifugo upande ule. Moshi ulipanda taratibu, ukajipenyeza katika nyasi, ukafukuza wadudu, ukazikausha nguzo na mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu. Nyumba ilikuwa ikipumua. Tusiwasifu wazee kupita kiasi, kwa maana sote tunayakumbuka macho mekundu ya bibi zetu na kikohozi chao cha alfajiri. Lakini nyumba ile haikuufungia moshi wote ndani.

Kisha tukapata bati na saruji. Bati lilizuia mvua, na bila sisi kutambua, likauzuia na moshi. Tukaziba nafasi kati ya ukuta na paa ili kuzuia baridi ya mwezi wa Sita na wa Saba. Tukaweka madirisha ya vioo. Moto ukabaki ule ule, ila nyumba ikaacha kupumua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati ya hao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiofikisha miaka mitano. Wengi wao hawakufa kwa siku moja. Walikufa kwa nimonia, kwa moyo, kwa kiharusi, kwa mapafu yaliyochakaa, na katika vyeti vyao moshi haukuandikwa.

Sasa tuje kwenye dohani yenyewe na jinsi inavyofanya kazi, maana fundi anayejua sababu hahitaji kusimamiwa.

Fikirini mizani ya dukani. Upande mmoja wekeni nguzo ya hewa ya moto iliyomo ndani ya bomba. Upande wa pili wekeni nguzo ya hewa ya baridi iliyo nje, yenye kimo kile kile. Hewa ya moto ni nyepesi, ya baridi ni nzito. Ile nzito inashuka, inaingia kwa mlango wa kuni, inaisukuma ile nyepesi itoke kwa juu. Huo ndio mvuto wa dohani. Unatokana na mambo mawili tu: kimo cha bomba, na tofauti ya joto kati ya ndani na nje.

Tuchukue asubuhi ya huku kwetu, nje kukiwa na nyuzi 15. Jiko la zamani linalopoteza joto linapeleka katika bomba moshi wa nyuzi 200. Jiko lililonyonya joto lote lililoweza kunyonya linapeleka moshi wa nyuzi 60. Ukipiga hesabu, utakuta kwamba dohani ile ile ya mita 3 sasa inavuta kwa nguvu ya theluthi moja tu ya ile ya kwanza. Ili kuirudisha nguvu hiyo kwa urefu peke yake, ingekupasa ujenge dohani ya karibu mita 9. Hakuna kamati itakayoichangia. Pamoja na hayo, sisi tunaishi juu. Mahali palipo mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano, na mvuto wa dohani unapungua pamoja nao. Kipimo kilichofaa Tanga au Dar es Salaam hakina hakika ya kufaa Gehandu.

Nchi za baridi zilikutana na jambo hili kwa njia yao. Wenzetu wa Uingereza hupasha nyumba zao joto kwa boila la gesi lililofungwa ukutani, na tangu mwaka 2005 sheria ya huko imetaka maboila mapya yawe ya aina inayobana joto sana. Boila hilo hunyonya joto la moshi hadi mvuke uliomo ndani yake unageuka kuwa maji. Moshi unaobakia ni baridi kiasi kwamba hauwezi kupanda wenyewe, hivyo boila limewekewa feni ya kuusukuma nje, na bomba lake hupita ukutani badala ya kupanda hadi juu ya paa. Yale maji yaliyoganda kutoka katika mvuke ni makali kidogo kama siki, hula chuma, na ndiyo sababu bomba lenyewe hutengenezwa kwa plastiki maalumu, na mfereji wa maji yake huelekezwa kwenye bomba la majitaka. Hata hapo hawakulegeza kanuni: mdomo wa bomba hauruhusiwi kuwa karibu na dirisha linalofunguliwa, maana moshi wa nyuzi 50 usio na rangi ukirudi ndani unaua sawasawa na moshi mwingine.

Nalitaja boila hilo si kwa kudhani kwamba kuna mtu hapa anayejiandaa kulinunua. Nalitaja kwa sababu picha zake zimekwisha kufika. Niliwahi kumkuta fundi mmoja hodari, mwenye nia njema kabisa, amefunga bomba la plastiki la choo katika jiko la kuni, akalitoboza ukutani kwa usawa wa kifua. Alinionyesha kwenye simu yake picha ya nyumba ya Ulaya yenye bomba jeupe la namna ile ile. Sikuweza kumlaumu, kwa sababu picha ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana katika picha ni feni, na ukweli kwamba gesi ya boila lile huwaka kwa kipimo siku zote, wakati kuni zetu leo ni kavu na kesho zimenyeshewa. Siku ya tatu plastiki ililainika, ikainama kama mgomba, na moshi wote ukabaki chumbani pamoja na harufu ya plastiki, ambayo nayo ni sumu. Kwa hiyo nawasihi mafundi: jiko la kuni halitolei moshi ukutani, wala bomba la plastiki halikaribii jiko la kuni.

Ikiwa hatuwezi kujenga mita 9 na hatuna feni, tunafanya nini? Tunalinda joto kidogo lililobaki katika moshi ili lifike nalo juu. Dohani inayopanda ndani ya jengo hubaki na joto. Ile inayotolewa nje ya ukuta tangu chini hupoa kabla ya kufika kwenye kenchi. Bati jembamba hupoteza joto haraka. Dohani ya matofali, au bomba la chuma lililozungushiwa ukuta wa udongo wa kichuguu, hulitunza. Kila kona hupunguza mwendo wa moshi, basi bomba liende wima, na kama kona haiepukiki iwe moja na iwe ya kulala, si ya kukatika ghafla. Bomba lisiwe jembamba kuliko tundu la jiko lililotengenezewa. Nimeona jiko la inchi 6 limefungiwa bomba la inchi 4 kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani.

Asubuhi dohani ikiwa imelala baridi usiku kucha, hewa nzito imejaa ndani yake kama kizibo. Mama zetu wengi hulijua hili kwa uzoefu: moto wa kwanza hutoa moshi mlangoni. Washeni kwanza konzi ya majani makavu chini kabisa ya dohani, au karibu nayo kadiri jiko linavyoruhusu. Kizibo kikishapanda, ndipo mtie kuni. Na kuni ziwe zimekaushwa chini ya paa kwa miezi, kwa maana kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kujichemshia maji, na mvuke huo ndio unaoupoza moshi.

Kuhusu mdomo wa juu, nitatoa vipimo, na naomba mafundi waviandike. Bomba lipite juu ya bati, pale linapotokea, kwa sentimeta 90 zisizopungua. Tena liwe juu kwa sentimeta 60 kuliko kitu chochote kilichopo ndani ya mita 3 kuelekea pande zote, iwe ni mgongo wa paa, ukuta wa jengo la jirani, au mti. Kofia ya kuzuia mvua isibanwe mdomoni. Kati ya kofia na mdomo pabaki nafasi inayolingana na upana wa bomba lenyewe. Pale bomba la chuma linapopenya paa, mbao na nyasi zikae mbali nalo kwa sentimeta 45, na nafasi hiyo izibwe kwa kipande cha bati, kamwe si kwa magunia. Chini ya dohani uachwe mlango mdogo wa kutolea masizi. Moshi uliopoa huacha masizi mengi na aina ya lami nyeusi inayong'aa. Lami hiyo inashika moto, na dohani ikiwaka kwa ndani hunguruma kama lori linalopanda mlima. Jiko la shule lisafishwe dohani yake kila muhula kabla wanafunzi hawajarudi. La nyumbani, kila baada ya miezi mitatu.

Na chumba kiwe na tundu la kuingizia hewa. Dohani haiwezi kutoa hewa katika chumba kisichoingiza. Nimewaona wapishi wakifunga mlango na madirisha yote wakati wa baridi, kisha wakailaumu dohani.

Mheshimiwa Diwani, hadi hapa nimezungumza juu ya moshi unaoonekana. Naomba nitumie muda mrefu kidogo kwa ule usioonekana, maana huo ndio unaoniondolea usingizi kila unapofika mwezi wa Sita.

Kuni zisipopata hewa ya kutosha, na mkaa hata ukiwa mwekundu na mzuri machoni, hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini inazunguka na mzigo usio wake. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Aliye macho anaweza kutoka nje. Aliyelala huwa hasikii dalili yoyote.

Tunafanya nini sisi wakati wa baridi? Tunapika chakula cha jioni kwa mkaa uani, na makaa yanapobaki mekundu, yasiyo na moshi tena, tunaona ni hasara kuyazima. Tunaliingiza jiko chumbani wanakolala watoto, tunafunga mlango. Tunaamini kwamba hatari iliondoka pamoja na moshi. Ukweli ni kwamba mkaa usio na moshi ndio unaohitaji hofu kubwa zaidi, kwa sababu hautoi onyo. Jiko la mkaa halina dohani, wala hakuna namna salama ya kulala nalo. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Nimeshika mkono wa baba mmoja asubuhi ya namna hiyo, na sina maneno ya kuwaeleza mlango ule ulipofunguliwa palikuwaje. Alikuwa ameliingiza jiko kwa sababu mtoto wake mdogo alikuwa akitetemeka.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliopo hapa, shikeni hili. Watu wote wa nyumba moja wakiamka siku moja wakiumwa kichwa na kutapika, na nafuu inawajia wakitoka nje, msianze na malaria. Ulizeni kwanza: jana usiku palikuwa na jiko ndani? Mkikuta mtu amezimia, fungueni milango, mtoeni nje upesi, nanyi msikawie mle ndani. Apelekwe zahanati hata kama ameamka na anasema yuko sawa, na mseme waziwazi kwamba kulikuwa na jiko la mkaa chumbani. Kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinachopima oksijeni kinaweza kusoma vizuri kabisa, kwa sababu hakiwezi kuitofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu hii. Kwa hewa ya kawaida, mwili huchukua saa 4 hadi 5 kuondoa nusu ya sumu hiyo. Kwa oksijeni ya barakoa muda huo hushuka hadi karibu saa moja na nusu. Mjamzito asisubiri kabisa, maana mtoto aliye tumboni huumia zaidi na huchelewa zaidi kupona kuliko mama.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yatakwisha tukihamia gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimekwisha kuagizwa kuachana na kuni na mkaa. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Hata hivyo gesi nayo inataka njia. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni, hutambaa, hujikusanya pembeni na kwenye mashimo. Kwa hiyo jiko la gesi linahitaji tundu la chini, karibu na sakafu, la kutolea gesi iliyovuja, na tundu la juu la kutolea hewa iliyotumika. Mitungi mikubwa ya shule ikae nje, katika kibanda chenye kuta za seng'enge, mbali na mashimo ya maji machafu. Mkisikia harufu yake, msiwashe taa wala msiizime. Fungeni mtungi, fungueni milango, tokeni. Kutafuta mahali inapovuja ni kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti, ingawa nimeona kwa macho yangu kiberiti kikitumika.

Mwali wa gesi uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi chini ya sufuria, gesi haiungui vizuri, na ile hewa isiyoonekana imerudi kwa mlango mwingine. Na kwa wenye nyumba za wageni wanaofikiria kufunga hita za gesi za maji ya kuogea, maana wageni wetu hawaipendi baridi yetu: hita isiyo na bomba la kutolea hewa nje isifungwe bafuni wala chumbani. Ifungwe ukutani kwa nje, chini ya kipaa, mbali na dirisha, na maji ya moto ndiyo yaingie ndani. Bafu ni chumba kidogo, mlango wake hufungwa kwa komeo, na anayezimia humo hujulikana amechelewa.

Nikamilishe kwa jambo lililotukutanisha hapa. Nyuma ya jengo hili kuna jiko jipya lililojengwa kwa nguvu zenu, nalo ni zuri. Moto wa kwanza unatarajiwa kuwashwa Jumatatu. Mwenyekiti wa kamati amenieleza kwa uwazi kwamba fedha zilizobaki ni kidogo, na kwamba lipo pendekezo la kuzitumia kupiga rangi ukuta wa mbele, ili siku ya makabidhiano wageni wauone ukiwa umependeza. Naielewa nia hiyo. Lakini nimesimama pale asubuhi nikatazama juu, na safari hii sikuridhika kwa kuona tu kwamba bomba lipo. Kwa macho yangu mdomo wake uko chini ya mgongo wa paa, na upande wa pili kuna mti ambao nao uko karibu mno.

Macho huweza kukosea. Yaliwahi kukosea, nimewaeleza. Kwa hiyo sitaiomba kamati iamue kwa maneno yangu. Fundi amekwisha kuleta ngazi, na kamba ya kupimia ninayo mfukoni. Naomba Mwenyekiti atuahirishie kikao kwa nusu saa, twende nyuma sote pamoja na mama zetu watakaopika humo, tupime kutoka kwenye bati hadi mdomoni, na kutoka mdomoni hadi kwenye ule mti, kisha turudi hapa tuamue habari ya rangi.